Nyaya za Taa za Paani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kumlipa Fundi

Msimu wa ununuzi ukipamba moto, gari la chama halilali. Huzunguka katika vituo vya kununulia tangu alfajiri, na mara nyingi giza huingia ilhali foleni ya wakulima ingali ndefu na magunia hayajapimwa. Hapo karani huwasha kurunzi, akaisogeza karibu na mizani, akasoma uzito kwa sauti, na mkulima akaweka dole gumba. Hata kama karani amesoma kwa haki, mkulima aliyepimiwa pamba au kahawa yake kwa mwanga wa kurunzi hurejea nyumbani na shaka moyoni. Na shaka ya namna hiyo ikikaa miaka miwili mitatu, mkulima huanza kuuzia walanguzi. Kwa hiyo chama kinachotaka gari lake lifungwe taa juu ya paa, mbili za mbele kwa njia za porini na mbili za nyuma kwa kupimia na kupakilia, hakitaki anasa.

Shida haiko katika taa. Iko katika waya unaopanda kutoka kwenye betri hadi paani. Mkutano wa bodi hujadili bei ya taa, idadi yake na hata rangi ya mwanga wake, lakini waya hautajwi. Hati ya madai ya fundi nayo huandikwa: taa 4, kazi ya ufundi, vifaa vidogo vidogo. Katika hivyo vifaa vidogo vidogo ndimo ilimojificha hatari, maana humo mna waya, fyuzi, mipira ya kuzibia na vibanio. Gari lililosheheni pamba likishika moto barabarani, kinachoteketea ni mali ya wanachama wote, iliyonunuliwa kwa makato ya kila kilo waliyoleta. Somo hili halikusudii kumgeuza katibu kuwa fundi umeme. Linakusudia kumwezesha kuuliza maswali yanayostahili, na kuzuia malipo pale majibu yasiporidhisha.

Nguvu ya betri

Watu wengi hudharau umeme wa gari kwa sababu mtu aweza kushika vichwa vya betri ya volti 12 asidhurike. Ni kweli, volti 12 haimrushi mtu. Lakini betri hiyo hiyo ndiyo inayosukuma injini ya dizeli mpaka ikawaka, na kwa kazi hiyo hutoa mamia ya ampea. Waya mwembamba ukikwaruzwa ganda lake hadi shaba ikagusa chuma cha gari, na njiani pasiwe na fyuzi, betri itatoa mkondo wote iliyo nao kupitia pale. Waya huwa mwekundu kama kaa kwa muda mfupi sana, ganda lake huwaka, na moto hufuata waya huo kila ulikopita: chini ya dashibodi, nyuma ya kitambaa cha dari, juu kwenye keria penye magunia na kamba.

Hesabu ya mkondo ni nyepesi, na kila katibu anayejua kugawanya aweza kuifanya. Wati za taa zigawanywe kwa volti za betri. Jibu ni ampea. Taa mbili za aina ya kawaida za wati 55 kila moja ni wati 110. Gawanya kwa 12, utapata ampea 9 na kidogo. Taa nne ni ampea 18. Gari nyingine, hasa za dizeli, zina mfumo wa volti 24, na humo mkondo ni nusu yake. Basi kabla ya kununua taa ni lazima kujua gari la chama ni la volti ngapi, kwani taa ya volti 12 ikifungwa kwenye volti 24 haitadumu hata usiku mmoja.

Mkondo ukishajulikana ndipo unene wa waya huamuliwa. Kutoka kwenye betri hadi keria, kwa kufuata kona zote, waya hufika mita 6 hivi. Na kwa kuwa umeme lazima urudi, safari nzima ni mita 12. Waya wa shaba wa milimita moja ya mraba, ambao ndio mafundi wengi huwa nao mfukoni, kwa taa mbili tu hupoteza njiani karibu volti 1.9. Taa hupokea volti 10 badala ya 12, na mwanga wake hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Chama kimelipia taa ya wati 55 na kikapata mwanga wa taa ndogo, na joto la umeme uliopotea limebaki ndani ya waya. Waya wa milimita 2.5 za mraba hupoteza volti 0.8 hivi, na wa milimita 4 hupoteza chini ya nusu volti. Kwa taa mbili, milimita 2.5 yatosha, kwa taa nne zinazolishwa na waya mmoja, milimita 4 ndiyo ya chini, na 6 ni bora.

Hapa pana jambo linalofaa kuangaliwa kwa makini. Mafundi wa vijijini aghalabu hutumia waya wa nyumba, ule wenye uzi mmoja mnene wa shaba, kwa sababu unapatikana duka la jirani. Nyumba haitikisiki. Gari linalopita njia za makorongo na barabara zenye mawimbi hutikisika maisha yake yote, na uzi mmoja mnene, kama kipande cha bati kinachokunjwa na kukunjuliwa, hatimaye hukatika. Waya wa gari ni wenye nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Katibu hahitaji kipimo chochote kuutambua: akiangalia ncha iliyomenywa ataona kama ni uzi mmoja au ni nyuzi nyingi.

Fyuzi hulinda waya

Ni imani iliyoenea kwamba fyuzi imewekwa kulinda taa. Sivyo. Taa ikiungua imeungua, na fyuzi haina habari. Fyuzi imewekwa kulinda waya usiwake moto, na kwa sababu hiyo mahali pake ni kwenye chimbuko la umeme, yaani karibu na betri, isizidi kiasi cha shubiri moja. Fyuzi iliyofungwa paani karibu na taa, au chini ya dashibodi baada ya waya kwisha pita kwenye injini, inalinda kipande kilichobaki mbele yake tu. Kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hiyo hakina mlinzi, nacho ndicho kinachopita penye joto na penye chuma chenye makali.

Kwa taa mbili za ampea 9, fyuzi ya ampea 15 pamoja na waya wa milimita 2.5 vyafaa. Fyuzi bapa zinazotumika katika magari mengi zina rangi zake: 10 ni nyekundu, 15 ni ya bluu, 20 ni ya njano, 30 ni ya kijani. Kwa rangi hizo hata mjumbe wa kamati ya usimamizi asiye na elimu ya umeme aweza kufungua boneti na kuona kama fyuzi iliyoandikwa katika hati ndiyo iliyomo. Fyuzi ya bluu ikikatika mara kwa mara na fundi akaweka ya kijani ili apumzike na malalamiko ya dereva, hajaponya ugonjwa. Amemwondoa mlinzi aliyekuwa akipiga kelele. Ama ule mtindo wa kuviringisha karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi iliyokatika, hapana la kuujadili. Dereva atakayeonekana nao aandikiwe barua.

Kwa gari la taa nne, ushauri wa somo hili ni kuzigawa njia mbili, taa za mbele kwa waya wake na fyuzi yake, na za nyuma vivyo hivyo. Gharama huongezeka kidogo, lakini njia moja ikiharibika usiku gari halibaki gizani kabisa, na karani hatakosa mwanga wa mizani kwa sababu tawi la mti limevunja taa ya mbele.

Mkondo huo wote usipitishwe katika swichi ya dashibodi. Swichi ndogo ikipitiwa na ampea 9 au 18 hupata joto, hulegea na mwishowe huyeyuka. Kazi hiyo ni ya rilei, kifaa chenye miguu iliyoandikwa namba. Mguu namba 30 hupokea umeme kutoka betri kupitia fyuzi. Namba 87 hupeleka umeme kwenye taa. Namba 86 huunganishwa na swichi. Na namba 85 hurudi kwenye ethi. Swichi huamrisha kwa mkondo mdogo sana, na rilei hubeba mzigo. Namba hizo ni za kawaida katika rilei nyingi za magari, kwa hiyo fundi mwingine atakayekuja baada ya miaka mitano ataielewa kazi bila kubomoa.

Njia ya kupanda paani

Zipo njia tatu zinazotumika, na kila moja ina faida na kasoro zake.

Ya kwanza ni ya nje. Waya hutoka chini ya boneti karibu na bawaba, ukafuata nguzo ya kioo cha mbele, ukaingia katika mfereji wa mvua ulio pembeni mwa paa, ukafika keria. Gari kama Land Cruiser za mlolongo wa 70 na Land Rover za muundo wa zamani zina mfereji huo, nao huuficha waya vizuri. Gari lenye bomba lililoinuliwa la kuvutia hewa ya injini lina nafasi nzuri zaidi, kwani waya waweza kufungwa nyuma ya bomba hilo usionekane wala usiguswe na matawi. Uzuri wa njia ya nje ni kwamba paa halitobolewi. Ubaya wake ni jua na miiba: ganda la waya lililo wazi juani hukauka na kupasuka. Kwa hiyo waya wote wa nje uvishwe bomba la plastiki lenye mikunjo, na ufungwe kwa vibanio kila baada ya shubiri moja na nusu, usipige mwili wa gari kila linapotikisika. Boneti na milango ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa mbele ya katibu, ionekane kwamba haiubani waya.

Ya pili ni ya ndani. Waya hupita katika ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha dereva, ukapanda ndani ya nguzo, ukatokea paani kwa tundu. Ni njia safi kwa macho, na waya haupigwi na jua. Lakini hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa maana waya unapita katika matundu mawili ya chuma. Tundu lililotobolewa kwa keekee lina makali kama ya kisu. Waya ukipitishwa hivi hivi, kila mtikisiko ni msumeno. Haukatiki leo wala kesho, hukatika mwezi wa sita, mbali na makao. Kila tundu lisuguliwe kwa tupa, lipakwe rangi ya kuzuia kutu, kisha livishwe ringi ya mpira inayoubana waya sawasawa. Tepu iliyozungushwa si badala ya ringi ya mpira: gundi yake huyeyuka kwa joto la injini. Kadhalika, gari za miaka ya karibuni huweza kuwa na mifuko ya hewa ya usalama ndani ya nguzo au pembeni mwa dari. Fundi ahakikishe kwanza, na ikiwamo, waya usipite hapo kabisa.

Ya tatu ni ya nyuma, ambamo waya hutambaa chini ya zulia au katika fremu ya gari na kupanda kwenye nguzo ya nyuma. Huwa ndefu zaidi, na hesabu ya unene wa waya hufanywa upya. Hufaa tu pale betri inapokuwa katikati ya gari, kama katika Defender za muundo wa zamani, ambazo betri yake imo chini ya kiti cha mbele. Waya unaopita chini ya gari ukae mbali na bomba la moshi.

Tundu la paa na maji ya mvua

Chama kisikubali paa litobolewe kabla kitambaa cha dari hakijashushwa na kuonekana kilicho chini yake, maana huenda mna waya wa taa ya ndani au ubavu wa chuma. Tundu litobolewe mahali palipoinuka, si katika bonde la paa ambapo maji hutuama. Kifungio cha waya chenye mpira ndani, kinachokazwa kwa nati, ndicho cha kutegemea; silikoni huongezwa kuzunguka kifungio, na hupakwa juu ya rangi iliyokauka na iliyofutwa vumbi. Silikoni peke yake juu ya tundu tupu hubanduka baada ya majua mawili matatu.

Waya nao uelekezwe. Kabla ya kuingia katika tundu au katika taa, uachwe ushuke kidogo kisha upande, ufanye kama tumbo la kamba. Maji ya mvua yanayotiririka juu ya waya hufika chini ya tumbo hilo na kudondoka, badala ya kufuata waya hadi ndani. Hilo ni jambo la bure, halina senti moja ya gharama, na bado ndilo linalosahauliwa zaidi.

Ethi ya Land Rover

Mafundi wengi huokoa waya kwa kuifunga ethi ya taa kwenye paa lenyewe, wakitegemea mwili wa gari urudishe umeme. Katika gari la chuma tupu huenda ikafanya kazi kwa muda. Katika Land Rover za muundo wa zamani, ikiwamo Defender iliyokoma kutengenezwa Januari 2016, ni kujitafutia usumbufu. Paa na sehemu kubwa ya mwili wake ni aluminiamu, imefungwa kwa boliti kwenye sehemu za chuma, na baina yake huwekwa mipira ya kuzuia maji. Metali hizo mbili zikikutana penye unyevu huliwa, ukatokea unga mweupe usiopitisha umeme vizuri. Taa hufifia, dereva hudai betri imekufa, na chama hununua betri mpya isiyohitajika. Waya wa kurudi, wenye unene ule ule wa waya wa kwenda, uletwe mpaka kwenye betri au kwenye sehemu ya ethi iliyofungwa na watengenezaji wa gari.

Mizani usiku, injini ikiwa imezimwa

Upimaji waweza kuchukua saa tatu na gari limesimama. Taa mbili za wati 55 kwa saa tatu hula takriban ampea-saa 28. Betri ya ampea-saa 70 imepoteza zaidi ya theluthi ya akiba yake, na ikiwa ni kuukuu haitawasha injini. Taa za LED zenye wati 20 kila moja hutumia ampea 3 na kidogo kwa mbili, yaani ampea-saa 10 kwa saa hizo tatu. Bei yake imeshuka mno, na kwa taa za nyuma za kupimia hapana sababu ya kununua nyingine. Ila chama chenye redio ya mawasiliano kizijaribu kwanza redio ikiwa wazi, kwani baadhi ya LED za bei ndogo hutia mkwaruzo katika sauti. Waya wa antena nao usifungwe fungu moja na nyaya za taa, usikatwe na kuungwa, wala usikunjwe kona kali.

Vyama vilivyoweka paneli ya jua juu ya keria vikumbuke kwamba paneli hutoa umeme kila jua linapowaka, hata betri ikiwa imefunguliwa. Fundi aifunike kwa turubai kabla ya kugusa nyaya zake. Waya wake nao unahitaji fyuzi upande wa betri, kama wa taa.

Kukagua na kulipa

Kazi yote huanza kwa kufungua kichwa hasi cha betri, na kichwa hicho hicho ndicho kinachorudishwa mwisho. Fundi anayeanza na kichwa chanya, spana yake ikigusa mwili wa gari, cheche zitamwonyesha kosa lake.

Siku ya kupokea gari, katibu awepo pamoja na dereva na mjumbe mmoja wa bodi. Waivute kila maungio kwa mkono; maungio yaliyosokotwa na kuzungushiwa tepu yarudishwe, yafanywe kwa vibanio vya kubana kwa koleo. Taa ziwashwe, fundi apime volti kwenye betri na kwenye taa kwa mita yake. Tofauti ikizidi volti moja, waya ni mwembamba au maungio ni mabaya. Kisha ndoo mbili za maji zimwagwe paani na dari iguswe kwa ndani. Baada ya wiki mbili za kazi, gari lirudi kwa fundi kukazwa vibanio. Ni vema sehemu ya malipo ikazuiliwa hadi siku hiyo, na sharti hilo liandikwe katika makubaliano tangu mwanzo.

Hati ya malipo itaje urefu na unene wa waya, ampea za fyuzi na idadi ya rilei. Mchoro wa njia ya waya, hata wa mkono, uwekwe katika jalada la gari, na nakala ibaki na dereva. Bima nayo iarifiwe kwa barua kwamba gari limeongezwa vifaa. Taa za mbele za paani zizimwe gari jingine linapoonekana. Dereva aelezwe hilo na atie sahihi.

Maswali ya kujadiliwa chamani

1. Gari la chama lina taa mbili za nyuma za wati 35 kila moja, na betri ya volti 12. Zinatumia ampea ngapi? Fyuzi ya rangi gani yafaa?

2. Fungueni boneti ya gari lenu. Je, upo waya wowote unaotoka kwenye kichwa chanya cha betri bila fyuzi? Unakwenda wapi, na nani aliuweka?

3. Hati ya mwisho ya matengenezo ya gari ilitaja vifaa vidogo vidogo kwa kiasi gani cha fedha, na ni nani awezaye kusema vilikuwa vifaa gani?